Nondo Kwenye Mizani ya Uwele

Mizani ilikuwa ya mnunuzi wa uwele. Aliiazima kamati ya mapokezi ya vifaa kwa asubuhi moja, ikatundikwa kwenye tawi la mwarobaini katika uwanja wa shule moja pembezoni mwa jiji la Dodoma. Ilikuwa Novemba 2021, msimu wa ujenzi wa madarasa kwa fedha za UVIKO-19. Jua la saa tatu lilikuwa limekwisha kuwa kali, na mvua ilikuwa haijagusa ardhi. Chini ya mti nondo zililala kama zilivyoshushwa, zimekunjwa katikati ili zienee garini. Hati ya mapokezi ilisema milimita 12. Dereva alisema milimita 12. Kwa jicho la mtu kama mimi, zilikuwa milimita 12.

Mama mmoja wa kamati ya mapokezi, mkulima wa zabibu na uwele, hakubishana na hati wala na dereva. Aliwaomba vijana wawili wamtundikie nondo moja. Walipoiachia, mshale ukayumba, ukatulia kwenye kilo nane na nusu. Akaandika kwenye daftari la shule la mwanawe. Akaomba ya pili, akaandika. Ya tatu, akaandika. Alipofika ya kumi alimgeukia mwalimu mkuu, akasema kwa upole kabisa, “Mwalimu, naomba tusisaini kwanza.”

Nondo ya milimita 12, yenye urefu kamili wa mita 12, ina uzito wa kilo kumi na nusu na zaidi kidogo. Ni hesabu ya chuma: mita moja ya unene huo ina gramu 888. Nondo ya milimita 10, kwa urefu uleule, ina kilo saba na gramu mia nne. Zile za uwanjani hazikuwa hizi wala zile. Zilikuwa nyembamba zilizobatizwa jina la nene, na kila moja ilipungukiwa chuma cha kilo mbili ambacho fedha za umma zilikuwa zinakilipia. Jicho haliwezi kuona tofauti ya milimita moja na ushee. Mizani ya uwele inaiona. Mama yule alifundishwa hesabu hiyo na fundi mmoja mstaafu wa mtaani kwao, akaiweka kichwani pamoja na bei ya debe na siku za kupulizia dawa shamba la zabibu.

Tangu asubuhi ile nimekuwa na deni la kuandika habari za kazi hii. Tunamsifu seremala, mfinyanzi, mpiga zeze wa Kigogo anayekaa siku nzima akisikiliza waya mmoja. Mwananchi anayefuatilia fedha za umma mtaani kwake hajapata wa kumsifu. Nami baada ya kukaa na watu hawa, kuwasubiri nje ya ofisi, na kupanda nao bodaboda kwenda kuhesabu mabati, nasadiki kwamba wanachokifanya ni ufundi kamili. Una zana zake, una miiko yake, na una mkono unaokomaa kwa miaka.

Kiswahili kimeipa kazi hii jina linalostahili. Kufuata ni kwenda nyuma ya kitu. Kufuatilia ni kwenda nyuma yake bila kukiacha, nyayo kwa nyayo, mpaka kinapoishia. Anayefuatilia hatangulii. Akishafika kwenye hukumu kabla shilingi haijafika kwenye jengo, ameacha kufuatilia, ameanza kushutumu, na mtu aliyeshutumiwa hufunga kabati lake la mafaili siku hiyohiyo. Mafundi wa kazi hii wanalijua hilo kuliko wanaharakati wengi wa mjini. Ndiyo maana wanaongea kwa sauti ndogo.

Dodoma ni mahali pazuri pa kuutazamia ufundi huu, kwa sababu mji unajengwa mbele ya macho yetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, na kwa miaka 44 ardhi na mipango ya mji vilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, chombo ambacho mwananchi hakukipigia kura. Mwaka 2017 CDA ilivunjwa, kazi zake zikahamia halmashauri ya manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili la kata 41. Nzuguni, Ihumwa, Nala, Mtumba: mashamba ya mtama ya juzi leo ni stendi, viwanja, mabomba na lami. Kwa mkazi wa kawaida, badiliko la 2017 lilikuwa na faida moja ambayo haisemwi sana. Swali lake lilipata pa kwenda. Kuna diwani, kuna mtendaji, kuna mkutano.

Vijijini swali hilo lina umri mkubwa zaidi. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 iliweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambapo kila mkazi mtu mzima ana nafasi yake, na utaratibu ni kukutana kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Katika Chamwino, Bahi, Mpwapwa na Kondoa nimehudhuria mikutano ya namna hiyo chini ya mibuyu. Kwa Wagogo mzee husimama, husalimia “Mbukwenyi,” mkutano humwitikia, kisha mtendaji husoma tarakimu kwa mwendo wa kasi. Msikilizaji wa kawaida husikia mvumo tu. Fundi husikia namba moja ambayo haikai na nyingine, huiandika, hungoja.

Kujua kuuliza ndiyo zana ya kwanza. “Mbona hela zetu zinaliwa?” ni kilio cha haki, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kukijibu; mwenyekiti atasema haziliwi, watu watapiga kelele, mkutano utafungwa. Sikiliza sasa swali la fundi: “Tarehe nne tulipokea mifuko 60 ya saruji. Leja ya stoo inaonyesha imetoka 41. Tunaomba tuione hiyo 19.” Swali hili lina tarehe, lina idadi, na lina mlango wa kwenda kuufungua. Mtu mwema hulijibu kwa furaha, kwa sababu linamsafisha mbele ya watu. Mtu mwenye jambo hulijibu kwa maneno mengi. Kote kuwili, mkutano umejifunza kitu.

Katika utaratibu wa fosi akaunti, ambapo shule au zahanati hununua vifaa yenyewe na kuwaajiri mafundi wa jirani badala ya kumpa kandarasi mkandarasi mkubwa, maswali haya yana mahali pa kukaa. Kuna kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, na wananchi wamo. Mwaka ule wa 2021 serikali ilitenga shilingi milioni 20 kwa kila darasa la sekondari, katika madarasa 15,000 yaliyojengwa nchi nzima kwa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na muda ulikuwa miezi michache tu. Haraka ni rafiki wa nondo nyembamba. Nilichokiona chini ya mwarobaini kilikuwa watu watano waliokataa kuharakishwa kwa nusu siku.

Kamati nzuri husoma kwanza mchanganuo wa gharama, ule ambao mafundi wanauita BOQ. Hutafuta ndani yake vitu vinavyohesabika kwa mkono: mifuko, mabati, milango, tripu za mchanga. Wanajua kwamba mfuko wa saruji wa kilo 50 una kikomo cha matofali ya inchi sita, thelathini na kitu kwa kipimo cha fundi mwaminifu, kwa hiyo wakikuta matofali hamsini yametoka kwenye mfuko mmoja hawahitaji maabara. Wanakwangua tofali kwa msumari. Likimwagika unga kama kisamvu kilichokauka, wanaandika. Wanahesabu tripu za mchanga zinapoingia, kwa sababu mchanga ukishamwagwa kwenye lundo hakuna anayeweza kujua yalikuwa malori mangapi. Wanamwomba muuzaji risiti ya mashine palepale dukani, kwa kuwa risiti iliyoandikwa kwa mkono wiki moja baadaye ni hadithi nyingine. Na wanapiga picha kwa simu, kila picha na tarehe yake.

Lakini kazi iliyonishika zaidi moyo si ya majengo. Ni ya maji, na uwanda huu wa kati, unaopata mvua ya milimita 500 na kitu kwa mwaka, umeishi na hesabu ya maji siku zote. Shirika la WaterAid lilipoanza mpango wa maji wa WAMMA na idara za serikali hapa mkoani mwaka 1991, kila kijiji kilichopata pampu kilitakiwa kuwa na kamati na mfuko wake wa maji. Leo Sheria ya Huduma za Maji ya 2019 imeleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, dira za maji ziko kwenye vituo, lakini daftari lenye mistari ya kalamu ya bluu bado ni lilelile.

Chukua kituo kimoja. Tuseme ndoo ya lita 20 inauzwa shilingi 50. Uniti moja ya dira ni lita 1,000, yaani ndoo 50, yaani shilingi 2,500. Mwezi umekwisha na dira imezunguka uniti 120. Hapo pametoka ndoo 6,000, na sandukuni palitakiwa pawe na shilingi 300,000. Daftari la muuza maji lina 231,000. Mtu mwenye pupa anasema hapohapo: zimeibwa 69,000.

Nilimwona mjumbe mmoja wa kamati ya maji, kijana asiyezidi miaka thelathini, akikaa na pengo la namna hii jioni nzima. Kwanza alikwenda kupima ndoo. Madumu ya njano yanayoitwa ya lita 20, yakijazwa hadi mdomoni, hupita ishirini, na madumu yakiwa elfu kadhaa, ile ziada ndogo inakuwa uniti. Akaandika. Pili akafuata bomba kutoka kwenye tangi, akakuta kiungo kinachovuja. Akatega chupa chini yake, akatazama saa ya simu, akajua ni lita ngapi kwa siku. Akaandika. Tatu akauliza habari za birika la kunyweshea ng'ombe, akaambiwa siku mbili za mnada wanyama walinyweshwa bila malipo kwa ruhusa ya mwenyekiti. Akaandika, na pembeni akaongeza: “ruhusa ya mdomo, haina barua.” Alipojumlisha vyote, pengo lililobaki lilikuwa dogo, lakini lilikuwa limesimama peke yake mahali peupe, na muuza maji mwenyewe ndiye aliyelieleza kabla hajaulizwa. Alikuwa amechukua hela ya dawa ya mtoto, akitarajia kurudisha. Alirudisha.

Hapo ndipo nilipoelewa ukamilifu wa mkono huu. Kijana yule alimfungulia mwenzake kila mlango wa kuwa msafi, mmoja baada ya mwingine, na akaupitia kila mlango kwa miguu yake. Kilichobaki baada ya hapo hakikuhitaji kelele. Kama angeanza na neno wizi, angekuwa amemwonea mtu kwa dumu kubwa na kiungo kinachovuja, bomba lingeendelea kuvuja, na ng'ombe wangeendelea kunywa bure.

Ufundi huu una ukoo wake, nao ni mrefu. Arusha, katikati ya miaka ya 2000, watu wa shirika la Hakikazi Catalyst waliwapa wanavijiji kadi za PIMA, jina ambalo ni agizo pia, ili wajaze wenyewe fedha gani wamesikia zimekuja na nini wamekiona. Hapa kwetu watu wa shirika la Sikika walifanya kazi ya ufuatiliaji wa uwajibikaji jamii katika huduma za afya Kondoa na Mpwapwa, wakiwakalisha pamoja wananchi, madiwani na watumishi wa afya kusoma mipango na taarifa, kisha kwenda zahanati kutazama kama karatasi na rafu ya dawa vinaafikiana. Mombasa, mwaka 2007, watu wa shirika la MUHURI waliwafundisha wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya mfuko wa maendeleo wa jimbo, na walipomaliza waliwaita watu kwa ngoma na maigizo waje kusikia majibu hadharani. Na Uganda ndiko ilikotoka ile tarakimu inayowafanya wafuatiliaji wote wa Afrika Mashariki wasilale: kati ya mwaka 1991 na 1995, katika kila shilingi mia za ruzuku ya shule za msingi, kwa wastani 13 tu zilifika shuleni. Serikali ilipoanza kutangaza fedha hizo magazetini na kwenye mbao za shule, hali ilibadilika sana. Wachumi bado wanabishana sifa ni ya magazeti kwa kiasi gani. Sina ugomvi nao. Ninachokijua ni kwamba mzazi asiyejua fedha zimetumwa hawezi kuziulizia.

Na ni fedha za nani? Wazee wa hapa wanakumbuka kodi ya maendeleo, mgambo wakija alfajiri na wanaume wakikimbilia porini. Ilipofutwa mwaka 2003 wengi walidhani wamemalizana na kodi. Haikuwa hivyo. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, iko kwenye sabuni na kwenye bati. Ushuru uko kwenye kila lita ya petroli anayonunua wa bodaboda. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 iliwaonyesha watu kodi yao waziwazi, kwa ujumbe mfupi, shilingi kwa shilingi, na nakumbuka jinsi maneno mitaani yalivyobadilika baada ya hapo: badala ya “mradi wa serikali” nilianza kusikia “hela yetu.” Mama wa mizani aliniambia hajawahi kuajiriwa wala kukata leseni ya biashara. “Lakini mabati ya darasa hili ni yangu,” alisema, na hakuwa anatafuta sifa. Katiba yetu, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda mali ya umma. Yeye alikuwa anautimiza akiwa amevaa ndala.

Sitaki kuficha uzito wa kazi. Haina mshahara, na posho ikija huja na ugomvi wake. Mtunza stoo ni jirani. Mtakutana kisimani, msibani, kanisani au msikitini. Kuna kamati zilizozaliwa na mradi wa wafadhili zikafa siku magari yalipoondoka. Kuna karatasi zinazoombwa mara tano. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu, na nawajua wajumbe wanaoandika barua, wakaweka nakala yenye muhuri wa kupokelewa, wakahesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kama mjamzito anavyohesabu miezi. Siku ya 31 wanarudi, wamevaa vizuri, wanaamkia kwanza. Wanaambiwa mhusika yuko safari. Wanarudi tena. Katika subira hii hamna unyonge hata chembe. Ofisa anayejua kwamba mtu yule atarudi Jumatatu huanza kuitafuta karatasi Ijumaa.

Kila mwaka mwezi Aprili ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani bungeni, hapahapa Dodoma, na nchi huzungumza wiki mbili. Ninaiheshimu sana kazi ile. Lakini mkaguzi hufika zege likiwa limekauka. Mama mwenye daftari hufika likiwa bado bichi, wakati kosa bado linaweza kurudishwa dukani kwa gari lilelile lililolileta. Kama ningeombwa ushauri na jiji letu, ningesema jambo moja: mchanganuo wa gharama wa kila mradi ubandikwe kwenye ubao wa mtaa kabla ya msingi kuchimbwa, kwa Kiswahili, na idadi za vifaa ziandikwe kwa wino mkubwa. Ni kazi ya karatasi nne na gundi.

Nondo za siku ile zilirudishwa. Mwalimu mkuu hakusaini, dereva alipiga simu mbili, na baada ya siku nne lilikuja gari jingine. Mama alituma mtoto kwa mnunuzi wa uwele kuazima mizani tena. Alipima kumi, kama mwanzo, akianza na iliyo chini kabisa ya rundo. Mshale ulipita kumi na nusu kila mara. Akamkabidhi mwalimu kalamu.

Tangazo la mkutano wa mtaa wako litakapobandikwa, ndugu msomaji, nenda. Beba daftari, keti mbele, andika tarakimu moja tu, kisha kesho yake nenda ukaitazame kwa macho yako.